Mji Uliojengwa Kuzunguka Zizi

Anayetafuta nyumba ya miaka 500 katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, atarudi mikono mitupu. Fito huliwa na mchwa, nyasi za paa huoza, na msonge uliokandikwa udongo na samadi ukikosa wa kuukarabati kwa masika kadhaa hurudi kuwa ardhi. Kilwa, huko pwani, ina kuta za matumbawe na chokaa. Huku Mara historia ya ujenzi husomwa chini, kwa namna nyumba zilivyopangwa, kwa sababu mpangilio umedumu kuliko kuta.

Mji, kama kaya inavyoitwa huku, ulijengwa na Mkurya mwenye mifugo kuzunguka zizi. Kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake na ghala lake la wimbi na mtama. Ng'ombe walilala katikati na watu pembeni, ili mwizi asiwafikie kabla ya kupita kwa wenyewe. Huo ni usanifu wa kijeshi, japo hakuna aliyeuita hivyo. Kuoa kulikuwa kwa ng'ombe, na kijana asiye na ng'ombe hakuwa na njia ya kuanzisha mji wake. Katikati ya makazi pakawekwa kile ambacho bila hicho makazi yenyewe yasingekuwepo.

Hofu ilipozidi, mawe yaliingia kazini. Katika karne ya 19, mashambulizi ya Wamaasai yalipoelemea nchi hii, Wangoreme, majirani wa Wakurya, walijikusanya ndani ya makazi yaliyozungushiwa kuta za mawe. Jamaa mkubwa wa kuta hizo yuko ng'ambo ya mpaka, katika kaunti ya Migori: Thimlich Ohinga, boma linalokadiriwa kujengwa karne ya 16 na lililoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, zilipangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji, na milango yake ni mifupi kiasi kwamba anayeingia lazima ainame, kichwa mbele. Jamii moja ilihama, nyingine ikaja, ikakarabati na kuendelea kuishi humo. Mimi huona hapo ndipo Mara inapoeleweka vizuri: ukuta ulirithiwa, nyumba za ndani zikajengwa upya kila mara.

Baadaye Wajerumani walikuja na jiwe la aina nyingine, ngome ya Ikoma, ambayo magofu yake yangali karibu na hifadhi ya Serengeti. Hata hivyo, kilichogusa mji wa kawaida zaidi ya ngome hiyo ni kodi ya nyumba, iliyoanza katika koloni lao mwaka 1898. Mwenye wake wengi alikuwa na nyumba nyingi, na kila paa likawa hesabu mbele ya mkusanya kodi. Vita vya nje vilipopungua, watu walitoka nyuma ya mawe na kutawanyika mashambani. Zizi likabaki katikati, kwa sababu wizi wa ng'ombe haukuisha. Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu wezi wa mifugo wa Kikurya, alionyesha jinsi wizi huo ulivyogeuka biashara, ng'ombe wakivushwa hadi Kenya kuuzwa.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vilivyopangwa, ndiyo iliyovunja duara. Nyumba zilipangwa mstari, sambamba na barabara, na zizi likasukumwa nyuma. Wengi walirudi baadaye kwenye mashamba yao ya zamani.

Badiliko kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni bati. Paa la nyasi hupitisha moshi polepole, na moshi huo ulikuwa na kazi: ulikausha fito, ukafukuza wadudu. Chini ya bati moshi hauna pa kwenda, kwa hiyo moto ulitolewa nje, jiko likapata kibanda chake, mara nyingi bado cha nyasi. Na bati ni karatasi iliyonyooka. Kuliezeka juu ya msonge ni kupoteza vipande na fedha. Nyumba ikawa ya pembe nne, ikapata vyumba, na waliokuwa wakilala kwenye vibanda tofauti wakaanza kugawana paa moja. Uingereza ilipitia jambo linalofanana: nyumba za wakulima za zama za kati zilikuwa na moto katikati ya ukumbi, moshi ukijitafutia njia darini, hadi karne za 16 na 17 dohani zilipojengwa na ghorofa kuingizwa juu ya ukumbi uleule. Huko moto ulisogezwa ukutani, huku ukatolewa nje kabisa. Akina mama wana hesabu yao nyingine kuhusu bati: mvua ya usiku mmoja hujaza pipa. Siku hizi anayejiweza hataki tena bati jeupe. Anataka la rangi, la mtindo unaoitwa msauzi.

Chini ya bati hilo sheria za mji wa zamani bado zinafanya kazi. Ng'ombe wa mahari ya binti huhesabiwa kuwa wa nyumba ya mama yake, na ndio huozesha kaka zake wa nyumba hiyo. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume iko hatarini kufungwa, hata kama kuta zake ni za tofali za kuchoma. Ndiyo sababu ya nyumba ntobhu: mama asiye na mwana hutoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja muungano wa mwanamume na mwanamke tu, kwa hiyo msichana huyo anapotaka kuondoka hana ndoa ya kuvunja mahakamani. Ana deni la ng'ombe, na ng'ombe hao walishatoka zizini kwao zamani.