Mfumo wa FDI wa namba za meno

Mfumo wa FDI hutaja kila jino kwa tarakimu mbili. Uliwekwa na shirikisho la madaktari wa meno duniani, FDI, na sasa ni kiwango cha kimataifa, ISO 3950. Kinywa hugawanywa robo nne: juu kulia kwa mgonjwa ni 1, juu kushoto 2, chini kushoto 3, chini kulia 4. Tarakimu ya pili huhesabu meno kutoka katikati ya taya, 1 hadi 8. Hivyo 23 ni chonge la juu kushoto, na 48 ni gego la mwisho chini kulia. Husomwa “nne nane”, si “arobaini na nane”. Kwa meno ya utotoni, robo ni 5 hadi 8.

Marekani huhesabu 1 hadi 32 mfululizo, kuanzia gego la mwisho la juu kulia. Hapo ndipo penye hatari. Namba 16 ya FDI ni gego la kwanza la juu kulia. 16 ya Marekani ni gego la mwisho la juu kushoto. Daktari anayeandika rufaa ya kung’oa jino hana budi kutaja mfumo, na ni salama zaidi aandike pia jina la jino lenyewe.