Herufi Kubwa Mpakani: Historia ya Kanuni ya Tahajia Kasulu na Kibondo

Hati ya Kiarabu, iliyotumika kwa karne kadhaa kuandikia Kiswahili, haina herufi kubwa. Herufi hizo ziliingia pamoja na hati ya Kilatini, hasa kupitia kazi za wamisionari wa karne ya 19 kama Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870. Hivyo, kanuni za kuzitumia ni zao la historia, wala si sehemu ya maumbile ya lugha. Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, zinalidhihirisha jambo hilo.

Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana sana. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliitwaa Kigoma kutoka kwa Wajerumani. Mwaka 1921 eneo hilo likakabidhiwa kwa Waingereza, ilhali Burundi ikabaki mikononi mwa Wabelgiji. Tangu hapo, shule za Buha zilifuata Kiswahili kilichosanifiwa chini ya Waingereza, na zile za Burundi zikaelekea Kifaransa.

Mapokeo hayo mawili hayakubaliani. Kifaransa huandika *lundi*, *janvier* na jina la lugha, *français*, kwa herufi ndogo. Herufi kubwa hubaki kwa mtu, *un Français*. Kihispania huenda mbali zaidi: *español* huanza kwa herufi ndogo, awe mtu au iwe lugha. Kiswahili, kama Kiingereza, huandika Jumatatu, Januari, Kifaransa na Mfaransa.

Hata hivyo, Kiswahili hakikuiga tu. Katika Kiingereza, herufi kubwa hukaa mwanzoni mwa mzizi. Katika Kiswahili hukaa kwenye kiambishi. Mzizi mmoja, *-ha*, hutoa Muha, Waha, Kiha na Buha, kila neno likiwa na herufi kubwa yake. Kirundi huongeza irabu ya mwanzo: *Uburundi* huwa *mu Burundi* baada ya kihusishi, na herufi kubwa huhama kutoka U kwenda B. Kinachotukuzwa ni neno zima, si herufi fulani.

Suala hili lingali hai. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta, wilayani Kibondo, imewapokea Warundi. Watoto wa huko wamesomeshwa kwa mitaala ya nchi zao, ambamo Kifaransa kina nafasi kubwa. Mtoto wa Kikongo anayekijua Kiswahili tangu nyumbani anaweza kuandika *jumatatu* au *kiswahili*, na msahihishaji Mtanzania akamhesabia kosa. Kosa lipo kwa mujibu wa Kiswahili sanifu, lakini si dalili ya kutoijua lugha: ni kanuni ya upande wa pili wa mpaka uliochorwa kabla babu yake hajazaliwa. Mwalimu anayeijua historia hiyo atasahihisha herufi bila kumdunisha mwandishi.