Ndege za Mabomu na Ramani za Kwetu

Muhula mmoja nilimtaka mwanafunzi wa kutoka Koboko alieleze darasa, kwa Kiswahili, njia ya kutoka Arua hadi kwao. Alikuja na ramani za zamani za mizani ya 1:50,000, akaziunganisha sakafuni. Kwa mizani hiyo sentimita moja ni nusu kilometa, kwa hiyo safari ya kilometa hamsini na kitu ilichukua zaidi ya mita moja ya karatasi. Kila kona ya kijito ilikuwamo. Akauliza, "Mwalimu, ni nani aliyevifuata vijito vyote hivi kwa miguu?"

Jibu ni kwamba ramani za namna hiyo hazikuchorwa kwa miguu peke yake. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilibaki na ndege nyingi za mabomu zisizo na kazi. Mwaka 1946 iliunda huko London idara ya kupima makoloni, chini ya Martin Hotine, aliyekuwa mwanajeshi na mpimaji. Jeshi la Anga likaikabidhi kazi ya kupiga picha Kikosi cha 82, kilichotumia ndege aina ya Lancaster, zile zile zenye injini nne zilizokuwa zikishambulia miji ya Ujerumani. Vibanda vya bunduki viling'olewa, kamera zikafungwa. Kwa upande wa Afrika Mashariki, ndege hizo zilikuwa na kituo Eastleigh, Nairobi. Hadi mwaka 1952 kikosi hicho kilikuwa kimepiga picha zaidi ya maili za mraba milioni moja za Afrika.

Kazi yenyewe ilidai subira. Rubani aliruka katika mistari iliyonyooka, sambamba, kama mkulima anayelima matuta. Kila picha ilifunika asilimia 60 hivi ya picha iliyotangulia. Wingu au moshi wa nyasi zinazochomwa uliweza kuharibu siku nzima. Kisha mchoraji alizitazama picha mbili kwa pamoja kupitia stirioskopu, na vilima vikainuka mbele ya macho yake. Hata hivyo, wapimaji wa ardhini walihitajika ili kuzifunga picha hizo na sehemu zilizopimwa barabara.

Hapa ndipo somo la lugha linapoingia. Kamera huona mto, lakini haisikii jina lake. Jina lazima liulizwe, na anayeuliza hutegemea nani anajibu, kwa lugha gani, na sikio la mwandishi likoje. Sauti za Kilugbara na Kikakwa haziingii kwa urahisi katika herufi za mgeni.

Tena kamera haioni mpaka. West Nile ilikuwa sehemu ya eneo la Lado lililotawaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1910 Lado ilipewa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda. Mpaka na Kongo hufuata kigawamaji cha Nile na Kongo, jambo ambalo picha mbili zaweza kulionyesha. Kaskazini mwa Koboko mpaka hufuata kwa sehemu Mto Kaya, nao huonekana kutoka angani. Lakini upande wa Moyo, amri ya 1914 ilitaja mpaka wa kusini wa kabila la Wakuku. Je, kabila hupigwa picha kutoka angani? Mwaka 2014, miaka mia moja baadaye, mgogoro wa mpaka huo kati ya watu wa Moyo na wa Kajo Keji, Sudan Kusini, ulizusha mapigano. Ndege ilimaliza kazi yake, swali la amri likabaki kwa wanakijiji.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wetu wanaokwenda likizo Arua, Koboko na kwingineko: chukueni daftari, kaeni na wazee, mwandike majina ya vijito, vilima na visima, pamoja na maana zake na jina la lugha. Vijito vyenyewe vilikwisha kuchorwa. Majina yake bado yamo vinywani mwa wazee, na mzee hapigwi picha kutoka angani.