Karatasi zetu zikae wapi? Kutoka Rumonge ya 1972 hadi seva tatu

Ndugu zangu, tuanze na mtumbwi. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac wakaua watu, kisha jeshi likalipiza kwa mauaji makubwa zaidi nchi nzima. Waliovuka ziwa walibeba watoto. Karatasi ya shamba nani aikumbuke? Wengi hata hawakuwa nayo, mpaka wa shamba ulikuwa mti na mdomo wa jirani. Wakapelekwa Ulyankulu, Katumba, baadaye Mishamo. Huku nyuma mashamba yakapewa wengine, na mengine Rumonge yakapandwa michikichi ya mradi wa serikali.

Kuanzia 2008 wengi wakarudi, wakaikuta tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006. Una ushahidi gani, mzee? Jirani alishakufa. Mti ulishakatwa.

Sasa linganisha na Mei 2015. Baada ya jaribio la mapinduzi, redio binafsi za Bujumbura zilichomwa na kuvunjwa, na kanda zao humo humo. Wanahabari wakaanzisha SOS Médias Burundi, sauti wakaziweka SoundCloud. Hizo kompyuta zilikuwa mbali, petroli haifiki. Njia inaweza kuzibwa, kweli, kama tovuti ya Iwacu ilivyozibwa ndani ya nchi 2017, lakini kilichoandikwa kilibaki.

Ndiyo maana tunapanga seva za picha za karatasi za familia, na hatuziweki kambini. Umeme wa jenereta, vumbi, mvua, hapana. Tunakodi nafasi kwenye kituo cha data Dar es Salaam au Nairobi, karibu na nyaya za baharini zilizoanza kufika pwani yetu 2009. Unalipia nafasi kwenye kabati, umeme na intaneti.

Kwa nini tatu? Mbili zikipoteana, kila moja inajiona ndiyo mkubwa, na data zinavurugika. Zikiwa tatu, mbili zikikubaliana kazi inaendelea. Ila mtu akifuta picha kwa bahati mbaya, zote tatu zinafuta kwa utiifu kabisa! Kwa hiyo nakala nyingine ikae mji mwingine, nje ya kundi hilo.

Halafu sisi kutoka kambini ni mpaka kibali. Seva ikigoma usiku nani ataenda kubonyeza? Kila mashine lazima iwe na kile kidude cha kuiwasha na kuizima kwa mbali, chenye waya wake, hata kama programu zote zimekufa. Bila hicho tusinunue, hata iwe bei rahisi namna gani.

Bibi yangu bado anabisha. Ana risiti moja ya kodi ya kule Rumonge, kaifunga kwenye nailoni. Anauliza hiyo mashine ya Dar ni ya nani. Nikamwambia mashine ni zetu, chumba ndiyo cha kupanga, na picha zinafungwa kwa ufunguo ambao mwenye chumba hapewi. Akasema haya, piga picha, lakini karatasi anirudishie sasa hivi, mbele ya macho yake.