Mapumziko Ndiyo Yaliyouzaa Mpira

Jumamosi na Jumapili zilizopita sikwenda uwanjani, wala sikukaa mbele ya runinga kutazama mechi yoyote. Nilibaki nyumbani. Marafiki walipiga simu kuuliza kama naumwa. Mwanangu aliuliza swali zito zaidi: "Baba, mechi imeahirishwa?" Kwake, baba kuwapo nyumbani Jumamosi alasiri kulihitaji maelezo. Swali hilo lilinirudisha katika historia.

Wengi wetu hudhani kuwa mpira wa miguu ndio ulioipa Jumamosi hadhi yake. Ukweli ni kinyume chake. Katika viwanda vya nguo vya Uingereza, karne ya 19, wafanyakazi walidai kupunguziwa saa za kazi kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 1847 iliweka ukomo wa saa kumi kwa siku kwa wanawake na vijana. Ile ya mwaka 1850 ikaamuru kwamba Jumamosi kazi yao ikome saa 8 mchana. Kwa kuwa mitambo ilitegemea mikono yao, wanaume nao walinufaika, na desturi ya nusu siku ikaenea polepole katika kazi nyingine.

Katika upenyo huo ndipo mpira ulipostawi. Vilabu 12 vilipoanzisha Ligi ya Uingereza mwaka 1888, Jumamosi alasiri ndiyo iliyokuwa siku ya mechi, maana ndipo mfanyakazi alipokuwa huru. Mapumziko yalitangulia, mpira ukafuata.

Haki hiyo ilivuka mipaka. Mwaka 1921, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki kwa wafanyakazi wa viwandani. Hapa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inatambua ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, pamoja na mapumziko ya angalau saa 24.

Lakini tazama tulivyoitumia haki hiyo. Tangu Ligi Kuu ya Uingereza ianze mwaka 1992 kwa nguvu ya fedha za televisheni, mechi zimetawanywa hadi Jumapili na Jumatatu. Ukiongeza na ligi yetu, mwisho wa wiki umejaa. Mtoto amemmeza mama aliyemzaa.

Sisemi haya kwa kuuchukia mpira; mimi ni shabiki, na nitarudi uwanjani. Kilichonisumbua ni jambo jingine. Nikiwa nimekaa barazani, nilimwona mama watoto akifua, akipika, akiosha vyombo, kisha akipika tena. Jumamosi yake haikutofautiana na Jumanne, isipokuwa kwamba siku hiyo alikuwapo mtu wa kuishuhudia. Sheria ya mwaka 1850 iliandikwa kwa ajili ya wanawake, nasi wanaume tukapumzika kwa mgongo wao. Miaka zaidi ya 170 baadaye, nyumbani kwangu mwenye mwisho wa wiki alikuwa mimi peke yangu.

Jumapili niliingia jikoni pamoja na mwanangu. Wali uliungua kidogo. Mama watoto alilala hadi saa 10 alasiri, na hakuna aliyemwamsha.