Greda: namna ya kuchagua mtambo wa barabara, shamba na ujenzi

Mvua za masika zinapokaribia, vijiji vingi huchangishana fedha ili kuchonga barabara. Fedha hizo zikilipia mtambo usiofaa, au kazi ikaishia njiani, mvua ya kwanza huigeuza barabara kuwa mfereji na mazao hubaki shambani. Katika makala haya tunaeleza greda ni mtambo gani, inafaa kazi zipi, na mambo ya kuuliza kabla ya kuikodi au kuinunua.

Greda na ndugu zake

Wengi wetu huita kila mtambo wa njano "katapila", lakini mitambo hiyo haifanyi kazi moja. Buldoza hutembea kwa minyororo. Husukuma udongo mwingi na kung'oa visiki. Ekskaveta huchimba kwa kijiko. Greda hutembea kwa matairi, kwa kawaida sita, na katikati ina bledi, yaani bapa refu la chuma linaloinuliwa, kushushwa, kuzungushwa na kulazwa. Kazi yake ni kukwangua, kusambaza na kusawazisha. Haifai kung'oa miti wala kuhamisha udongo kwenda mbali. Kama njia ni mpya na ina visiki na miamba, buldoza itangulie, greda ifuate.

Kwa barabara

Greda nyingi za barabara zina bledi ya futi 12, karibu mita 3.7. Kwa barabara ya kijiji yenye upana wa mita 4 hadi 6, hiyo inatosha. Zenye bledi ya futi 16 na zaidi hutumika sana migodini. Kwenye njia nyembamba zenye kona zitawapa gharama bila faida.

Ulizeni pia kama ina meno ya kuchimbua nyuma au mbele. Barabara ngumu yenye mashimo ikikwanguliwa juu juu tu, vumbi hujaza mashimo, na baada ya siku chache yanarudi palepale. Lazima ichimbuliwe hadi chini ya mashimo, udongo uchanganywe, ndipo usambazwe upya.

Barabara nzuri ya udongo au changarawe ina mgongo. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 5: kwa kila mita moja kutoka katikati, barabara ishuke sentimita 5. Barabara ya mita 5 iwe juu katikati kwa sentimita 12 au 13 kuliko kingo zake. Mnaweza kupima wenyewe: vuteni kamba kutoka katikati hadi ukingoni, isawazisheni kwa pima maji, kisha pimeni kwa rula kutoka kwenye kamba hadi chini.

Greda haishindilii. Bila rola na unyevu, udongo uliosambazwa utapeperushwa na upepo au kusombwa na maji. Finyangeni udongo mkononi: ukishikamana bila kutoa maji, unafaa kushindiliwa. Ukivunjika kama unga, boza la maji linahitajika, au kazi ipangwe wakati ardhi bado ina unyevu.

Kwa shamba na ujenzi

Shambani, greda hufaa kwa barabara za ndani, mitaro na kusawazisha eneo kubwa. Lakini ikikwangua sana huondoa udongo wa juu wenye rutuba, na uzito wake hugandamiza ardhi. Kwa shamba dogo, trekta lenye bledi ya kufungwa nyuma hutosha na gharama yake ni ndogo. Lipo pia greda la kukokotwa na trekta, linalofaa kwa matengenezo mepesi ya njia za vijijini.

Kwenye ujenzi, greda husawazisha kiwanja baada ya buldoza au ekskaveta kumaliza kazi nzito. Kifusi kisambazwe kwa tabaka la sentimita 15 hadi 20 na kila tabaka lishindiliwe kabla ya kuweka jingine. Tabaka nene likishindiliwa mara moja hugumu juu, chini likabaki laini, na nyumba huja kupata nyufa.

Kukadiria saa

Tuchukue barabara ya kilomita 5 inayohitaji greda kupita mara 6. Jumla ni kilomita 30. Ikitembea kilomita 5 kwa saa, ni saa 6. Ongezeni muda wa kugeuza na kusimama, mpange saa 8. Hesabu hii itawasaidia kujua kama bei mliyotajiwa ina maana.

Kabla ya kulipa

– Je, bei ni ya saa, siku au kilomita? Mita ya saa isomwe asubuhi na jioni mbele ya wawakilishi wawili wa kijiji.
– Nani analipia dizeli, opereta na usafiri wa mtambo kuja na kurudi?
– Ukiharibika katikati ya kazi, saa za kusimama ni za nani?
– Je, rola na boza vimo kwenye bei?
– Opereta amewahi kuchonga mgongo wa barabara? Mwombeni awaonyeshe kazi yake.

Kwa anayenunua mtambo uliotumika, akague ncha ya bledi kama imeisha, bledi kama inacheza ikishikwa, mabomba ya haidroliki kama yanavuja, na hali ya matairi yote. Aulize pia vipuri vinapatikana wapi, maana mtambo wa bei nafuu usio na vipuri husimama msimu mzima.

Mwisho, kwa Tanzania, kama barabara iko chini ya TARURA, zungumzeni na ofisi yake ya wilaya kabla ya kuanza. Kenya, ulizeni serikali ya kaunti au KeRRA. Wekeni vijiti mahali mabomba ya maji yanapokatiza, na hakikisheni mitaro ina mahali pa kutolea maji. Maji yasipopewa njia ya kutokea pembeni, yatapita katikati ya barabara mliyoilipia.