Ramani isiyohitaji mtandao: kutoka Nyota ya Kaskazini hadi simu ya mkononi

Safari ya gari kutoka Louisville, katika jimbo la Kentucky, hadi Buffalo, katika jimbo la New York, kwa kupitia Columbus, ni ya kilomita zipatazo 860. Barabara kuu namba 71 huanzia Louisville, huvuka mto Ohio mjini Cincinnati, hupita Columbus na kukoma Cleveland. Hapo msafiri huishika namba 90, inayofuata ukingo wa ziwa Erie.

Katika miji yote mitatu wamo Wakongomani, Warundi na Wabantu wa Somalia, wengi wao waliopitia kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki, na harusi na misiba huwatoa mji mmoja hadi mwingine. Mwenye kifurushi kidogo cha intaneti huipakua ramani ya njia nzima angali nyumbani, ili simu imwongoze hata mtandao ukipotea. Karibu na Buffalo tahadhari hiyo ina sababu ya ziada: Canada iko ng'ambo ya mto Niagara, na simu huweza kunasa mitambo ya nchi hiyo, gharama zikapanda bila ya mwenyewe kujua.

Haja ya kuibeba njia kabla ya kuondoka si ngeni katika upande huo wa Marekani. Mwezi Septemba mwaka 1830, Josiah Henson, mtumwa katika shamba moja la Kentucky lililoko magharibi ya Louisville, alitoroka pamoja na mkewe na watoto wanne. Walitembea usiku na kujificha mchana. Wawili wadogo aliwabeba mgongoni ndani ya mfuko wa kitambaa. Ramani ya kuchapwa isingemfaa, kwani wakati huo hakujua kusoma, na lau angekamatwa nayo ingekuwa ushahidi dhidi yake. Alichokuwa nacho ni Nyota ya Kaskazini na maelekezo ya watu aliowaamini. Kutoka Cincinnati walikata jimbo la Ohio hadi ziwa Erie, wakapata chombo cha kuwafikisha Buffalo, na tarehe 28 Oktoba wakavuka mto Niagara na kuingia Canada wakiwa huru.

Ramani ya mashine ilianza kwa msiba. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyopotea njia ilitunguliwa na Umoja wa Kisovieti, wakafa watu 269. Rais Ronald Reagan akaahidi kwamba mfumo wa setilaiti wa GPS, uliokuwa ukijengwa kwa ajili ya jeshi, ungetumiwa na raia bila malipo. Hata hivyo setilaiti humwambia msafiri alipo tu. Haimwambii barabara inakwenda wapi. Ramani sharti itoke kwingine.

Mwaka 1985 kampuni ya Etak ya California iliuza kifaa cha gari, kisichotumia setilaiti kabisa, ambacho ramani zake zilihifadhiwa katika kanda za kaseti. Mwaka 1996 ikaja kompyuta ya kiganjani iliyoitwa Pilot, ya kampuni ya Palm. Ile ya bei nafuu ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128, kiasi kisichotosha leo hata picha moja nzuri. Iliwekwa juu ya kitako chake, kitufe kikabonyezwa, na mafaili yakahama kutoka kompyuta ya mezani kwa njia ya waya. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS kwa raia, na kosa la mita zipatazo 100 likapungua hadi mita chache.

Likabaki suala la mwenye ramani. Nchini Uingereza ramani za serikali ziliuzwa kwa masharti makali, na hilo ndilo lililomsukuma Steve Coast kuanzisha OpenStreetMap mwaka 2004, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea. Marekani haikuwa na kikwazo hicho: ramani za barabara zilizotayarishwa kwa sensa ya 1990 hazikuwa na hakimiliki, na mwaka 2007 na 2008 ziliingizwa zote humo, pamoja na barabara zilizopinda na nyingine zisizokuwepo. Kibera, jijini Nairobi, hakukuwa na cha kuingizwa; vijana wa mtaa walianza kuuchora wenyewe mwaka 2009, na mwaka 2015 wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam wakafuata, wakianza na kata zinazofurika maji. Mwaka huohuo Google nayo iliruhusu ramani zake zielekeze njia bila mtandao.

Katika ramani hizo za simu, anayeingia Buffalo akifuata mto Niagara huiona barabara iitwayo Ferry, yaani kivuko, ikishuka hadi majini. Mwishoni mwake kuna bustani ya Broderick, inayotunzwa kama kumbukumbu ya watoro waliovukia hapo.